Binti Kwenye Kiti cha Kando

Madereva wenzake walimwita Simba wa Lami, ingawa siku hizi simba mwenyewe alikuwa na mvi na goti bovu. Asubuhi hiyo waliyaosha malori yakang'aa, wakajipanga nje ya hospitali kuwatembeza mjini watoto waliougua sana.

Yeye alipewa msichana mdogo mwenye kofia ya sufu, maana dawa zilikuwa zimempukutisha nywele. Muuguzi aliketi naye.

"Babu, hii honi inalia kweli au ni pambo?"

"Vuta kamba uone, mjukuu wangu."

Akavuta. Mtaa mzima ukageuka, naye akacheka hadi kofia ikamwangukia machoni. Simba akamkumbuka binti yake, aliyesafiri naye kila likizo, miguu ikining'inia, akidai kila kilima kipigiwe honi. Sasa alikuwa ameolewa mbali, na simu zao zilikuwa za salamu tu.

Msafara uliporudi, alimpigia akiwa bado kwenye usukani.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna neno, mama. Nimekukumbuka tu."

"Shule zikifungwa nakuja na wajukuu zako. Wanataka kupanda lori."

Wakaongea hadi injini ikapoa.