Nyumba Isiyo na Nguzo

Trela ya kwanza Emérence aliikataa kwa sababu ilinuka samaki. Ya pili ilikuwa kontena lililokatwa katikati na kuwekewa magurudumu, na Kambere, fundi wa kuchomelea mwenye karakana pale Butembo, alimwambia bila kumficha kwamba hiyo ikiingia njia ya shambani wakati wa mvua itabaki huko mpaka Yesu arudi. Ya tatu ilikuwa sanduku la mabati juu ya magurudumu mawili, refu la kumtosha mtu kulala na kusimama bila kuinama, ambalo zamani lilikuwa la kuuzia chai na mikate kando ya barabara. Emérence alipanda, akakanyaga sakafu, akasikia vyuma vya chini vikishuka kidogo kwa uzito wake na kupanda tena. Akasema ni hiyo.

Butembo ni mji wa wachuuzi, na ukinunua kitu cha ajabu watu hawaulizi wewe ni mzima au vipi, wanauliza kina faida gani. Walidhani mama huyu anafungua kibanda. Alipowaambia kwamba anataka kuhamia humo ndani, avutwe mpaka shambani kwake upande wa Oicha, mahali ambapo waya wa umeme haujawahi kufika, walicheka. Kisha walikumbuka ni mke wa nani, wakarudi kwenye biashara zao.

Mumewe, Mathe Syauswa, alikwenda kuvuna kakao na wenzake asubuhi moja, na watu wenye silaha wakaingia shambani. Nyumba yao ya pale iliteketea. Wenzake walipatikana wakazikwa. Mathe hakupatikana, si yeye wala kiatu chake. Tangu hapo Emérence aliishi katika chumba cha kupanga Butembo, miaka ikapita, na kila aliyemwita mjane alisahihishwa papo hapo, hata padri.

Sasa kulikuwa na jambo la ukoo. Kwa akina Syauswa, mtu akipotea na mwili usionekane, huchukuliwa shina la mgomba, likavishwa shuka, likalazwa kaburini, na watu wakalia matanga kama kawaida. Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kusimamisha nguzo mpya kwenye kiwanja cha aliyepotea. Kujenga kwa mtu ambaye hajaliliwa, wanasema, ni kumfungia mlango. Emérence aliijua sheria hiyo na aliiheshimu. Ila kuzika mgomba ni kusema Mathe amekufa, na hilo hakuwa tayari kulisema. Huku nako kakao ilikuwa ikiiva na kuchumwa na mikono isiyojulikana. Na Mathe akirudi siku moja angekuta majivu na nyasi, aseme mke wangu hakunisubiri. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi.

Ndipo akapata wazo la magurudumu. Wazee walikataza nguzo, na magurudumu hawakuyataja.

Kambere alifanya kazi na ulimi wake haukupumzika. Alikata dirisha, akalitia wavu wa mbu na ubao wa kufungia kwa ndani. Juu ya paa alifunga paneli ya jua, betri akaiweka chini ya kitanda, na ukingoni mwa paa akapitisha mfereji wa kuingiza maji ya mvua kwenye pipa. Jiko alilitoa nje, chini ya bati la kukunja, kwa sababu, alisema, mtu anayewasha makaa ndani ya sanduku la chuma na kufunga mlango anajichimbia kaburi mwenyewe. Alimtania mama kwamba atalala vizuri kuliko mbunge.

Mzaha uliisha walipofika kwenye kitanda. Emérence alitaka kitanda cha watu wawili. Kando ya mlango alitaka misumari miwili ya kutundikia nguo, mmoja wa kimo chake na mwingine juu zaidi, na akanyoosha mkono kuonyesha Mathe alikuwa anafika wapi. Kambere alitia alama ya chaki pale mkono ulipoishia, akaichomelea misumari yote miwili.

Jambo moja tu walibishana. Fundi alitaka kuweka miguu minne ya chuma pembeni, ya kuteremsha mpaka chini, ili trela isiyumbe mtu akitembea ndani. Emérence alikataa katakata. Miguu inayogusa udongo, mwenye jicho baya angeiita nguzo. Afadhali nyumba iyumbe. Kambere aliapa kwamba hajawahi kuona mtu akinunua usumbufu kwa hiari yake, lakini mwenye fedha ndiye mwenye neno, akaiacha bila miguu.

Éliakim, kaka mkubwa wa Mathe na mwenye sauti katika ukoo, alishuka kutoka kijijini kwao Kipese na gunia la viazi kuja kuangalia. Alizunguka trela mara kadhaa. Alichuchumaa, akachungulia chini, akatafuta nguzo asiione. Alipoinuka alikuwa anacheka, kicheko cha mzee aliyezidiwa ujanja na mke wa mdogo wake, kisha kicheko kikamtoka usoni.

“Umenishinda kwa maneno, shemeki,” alisema. “Lakini Mathe haiko maneno. Tutamulilia lini?”

“Batu banalia mutu mwenye alikufa,” Emérence akajibu. “Miye niko nangojea bwana yangu. Wasingya, aksanti kwa viazi.”

Éliakim hakubishana tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kuna wakati mkuu mwenyewe anaona guu hilo tayari limevunjika zamani, na anaona aibu kulipiga.

Kambere aliivuta trela kwa pikapu yake mpaka Beni, na kutoka hapo wakaingia katika msafara uliosindikizwa na wanajeshi mpaka Oicha. Shambani walikuta migomba imekuwa msitu. Msingi wa nyumba ya zamani ulikuwa bado pale, na matofali meusi. Waliiegesha trela kando yake, wakazuia magurudumu kwa mawe, na gurudumu dogo la mbele, lile la kuishikilia trela ikiwa imeegeshwa, wakaliweka juu ya ubao. Kambere alipoondoka alipiga honi mpaka akapotea.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Emérence alipunguza matawi ya kakao, akavuna, akachachusha mbegu chini ya majani ya mgomba na kuzianika juani. Taa ilipowaka ndani ya sanduku lile majirani walikuja kushangaa, halafu wakaja kuchaji simu, halafu wakamwita Mama Remorque, yaani mama wa trela, na yeye akaitika. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudi kwake.

Jioni moja, mvua ilipokuwa imekatika, alikuwa ameketi kitandani akichambua maharage, na trela ikainama upande wa mlango. Iliinama taratibu, namna inavyoinama mtu mzima akikanyaga ngazi iliyoning’inia chini ya mlango. Maharage yakabiringika kwenye sinia kuelekea mlangoni. Alingoja kusikia hodi na hodi haikuja. Baadaye kidogo trela ikapanda, na maharage yakarudi yalikotoka. Nje hapakuwa na mtu wala mbuzi.

Kesho yake, saa ile ile ya kuweka chakula motoni, ikainama tena. Alisema ni udongo uliolowa, akaongeza mawe. Ikainama. Alisema ni upepo, na siku hiyo hata jani la mgomba halikutikisika. Sisi wengine tungekuwa tumeshakimbia tukaombe kulala kwa jirani. Emérence hakuogopa. Moyo ulimruka kwa furaha, akaingiwa na haya kama msichana, akaenda kujitazama kwenye kioo cha simu. Aliupima uzito ule kwa mwili wake wote na akaujua. Mathe alikuwa mtu mzito.

Tangu hapo alipika cha watu wawili. Alipakua sahani mbili, akaacha mlango wazi, na trela ilipoinama alisema kwa sauti ya kawaida kwamba chakula kiko tayari, aingie. Uzito ulisimama ngazini. Haukuingia. Ulikaa pale kiasi cha mtu kuchungulia ndani na kuona vitu asivyovijua, kisha ukashuka, na Emérence akasikia majani makavu yakikanyagwa kuelekea kwenye msingi wa nyumba ya zamani. Hatua zilizunguka yale matofali meusi. Zilikwenda upande huu zikarudi upande ule, kama za mtu anayetafuta mlango wake pale alipouacha. Zikaisha. Kila jioni ikawa hivyo, na kila jioni chakula cha sahani ya pili kilipoa.

Furaha ikaanza kumchachukia. Mtu aliye hai, wazo lilimwambia, angeingia akala. Alilifukuza kama mtu anavyofukuza kuku jikoni, nalo likarudi kama kuku anavyorudi. Alikonda. Majirani walimwona akizungumza na ngazi wakadhani ni upweke, wakamletea mbwa. Mbwa alikaa siku moja, ikafika jioni, akakimbilia kwao na hakurudi tena.

Halafu milio ya risasi ikasikika upande wa kaskazini, ikakaribia, na chifu akapita akiwaambia watu wasingoje kuona kwa macho. Emérence alimpigia Kambere, ambaye alikuwa Beni na mzigo wa mbao. Ni lazima tumsifu fundi yule, alikuja. Walifunga pipa, wakakunja bati, wakaunganisha trela kwenye pikapu huku barabara ikijaa watu wenye magodoro kichwani. Kizuizini askari mmoja alicheka kwamba amewaona wengi wakikimbia nyumba zao, lakini huyu ndiye wa kwanza kukimbia pamoja na nyumba. Emérence naye alicheka. Alijiona mjanja, na moyoni aliona amepumzika, kwa maana yale yaliyokuwa yakikanyaga majani yalikuwa yamebaki shambani, na yeye angepata kulala.

Beni walimpokea uani kwa Adèle, mama wa kanisa la Kiprotestanti, ambaye kiwanja chake kilikuwa kimeshajaa waliotoka vijijini. Walikuwepo wa Mabalako, wa Oicha, watoto wengi, na wanawake waliopika kwenye mafiga yaliyopangwa kando ya ukuta. Kambere aliegesha trela chini ya ukuta, akazuia magurudumu, akaenda kutafuta chai. Emérence aliingia ndani, akaketi kitandani, akavua viatu. Nje moshi wa jioni ulikuwa umeanza kupanda.

Trela ikainama.

Iliinama chini kuliko siku zote, upande wa mlango, na haikupanda. Ilibaki vile, na sufuria ikateleza mezani ikagota ukutani. Huyu hakuwa amesimama. Alikuwa ameketi ngazini, kama anavyoketi mtu aliyetembea kutwa nzima kwa miguu bila kula, aliyefika mahali asipopajua kwa sababu tu mbele yake kulikuwa na kitu kimoja anachokifuata. Emérence aliona barabara yote ile kichwani, msafara, vizuizi, watu na magodoro yao, na nyuma ya wote Mathe peke yake akifuata magurudumu. Shamba lilikuwa kwake, angalau, hata kama nyumba ilikuwa imeungua. Hapa hakuwa na hata tofali jeusi la kuzunguka. Vita ikifika Beni trela itavutwa Butembo, naye atatembea mpaka Butembo. Kila atakapokimbia mke wake, yeye atakimbia nyuma yake, na hakuna mahali atakapoambiwa pumzika.

Huruma ilimshika kwa nguvu. Kwa miaka yote hiyo alidhani anamsubiri. Alikuwa anamzungusha.

“Mathe,” alisema, akielekea mlangoni. “Nimekufanya mukimbizi. Batu yote bamepata kulala, weye hapana. Unisamehe.”

Alimpigia simu Éliakim. Aliongea kwa haraka, kabla moyo haujageuka. Alimwomba achimbe kaburi kule Kipese, kando ya baba yao, akate mgomba, ampatie shuka nzuri, na yeye angepanda kesho na Kambere. Kuhusu shamba na nguzo wangezungumza baadaye au wasizungumze kabisa. Mzee yule alimwambia ndiyo, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Emérence aliteremka. Alipita ukingoni mwa ngazi, akijibana, kama unavyompita mtu aliyeketi njiani ambaye hutaki kumwamsha. Alifika katikati ya ua. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakiacha kianguke, akaketi juu ya udongo mtupu na kunyoosha miguu, vile wanavyoketi wanawake wenye msiba.

Kwenye mafiga Adèle aliweka mwiko chini, akaja, akainama juu yake.

“Ni nani, mama?”

Emérence alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza neno likatoka lote.

“Mathe. Bwana yangu. Alikufa.”

Adèle hakuuliza lini. Aliketi chini kando yake na kumshika mkono. Mama mmoja wa Mabalako akaondoa sufuria motoni, akaja akaketi, na wengine wakafuata mmoja mmoja, na wote kwa pamoja wakaanza kumlilia Mathe.