Tembo Aliyebandikwa Ukutani

Mwalimu wa chekechea aliporudi darasani baada ya mapumziko, nusura azimie. Michoro yote ya watoto ilikuwa imebandikwa ukutani, imenyooka kama imepigiwa rula.

"Pamependeza, eh?" akauliza msaidizi wake, ambaye watoto walimwita Mama Usafi.

"Umepaka gundi nyuma?"

"Kote! Haing'oki hiyo."

Lahaula! Huko nyuma ndiko zilikokuwa hadithi! Kila mtoto akimaliza kuchora, mwalimu humwuliza kuna nini humo, halafu huandika jibu nyuma ya karatasi, neno kwa neno. Miaka miwili wanafanya hivyo, na leo mtu mzima na akili zake anazipaka gundi!

Nyingine zingesimuliwa upya. Lakini ile ya mtoto wa mshonaji, je? Tangu aanze shule, binti huyo hakuwahi kufungua kinywa darasani. "Nyumbani anaongea kama cherehani," mama yake, huyo mshonaji, alikuwa amefoka jana. "Hapa mmemfanya nini? Kesho saa sita namchukua, na harudi ng'o!" Na asubuhi hii, baada ya kujaza karatasi nzima rangi ya kijivu, mtoto alikuwa amemnong'oneza mwalimu: tembo amelala. Mwalimu aliyaandika maneno hayo papo hapo.

Sasa alichukua rula akaanza kuibandua hiyo ya kijivu. Karatasi ikatoka vipande vipande.

"Ndiyo kazi yenu, kukwangua kuta?" Mshonaji alikuwa mlangoni, mkoba wa mtoto tayari begani.

"Mama, ameongea leo! Amechora tembo, amelala!"

"Tembo yuko wapi? Mimi naona kijivu tupu. Mwalimu, usinifanye mtoto mdogo."

Mwalimu alitamani kulia. Aliisukuma rula kwa nguvu, karatasi ikachanika kraa!

"Usimkwaruze!"

Sauti ilitoka nyuma ya meza ya rangi. Binti alikuwa amesimama, ngumi kazikunja, machozi yanamlengalenga.

"Utamwamsha! Hilo ni tumbo tu, mwenyewe hakuenea kwenye karatasi!"

Mama Usafi akaketi kwenye kiti cha mtoto bila kukusudia. Mwalimu akaishusha rula taratibu.

Mshonaji alimtazama mwanawe. Kisha akauweka mkoba chini, akavua viatu vyake vya visigino, akavishika mkononi, akanyata hadi ukutani.

"Amelala tangu saa ngapi?" akanong'ona.