Baada ya Mia Tisa Tisini na Saba

Mwalimu wa hesabu alipougua asiweze kutoka kitandani, alimwomba mkewe amtajie namba kubwa yoyote, apate cha kumshughulisha. Mkewe akaropoka tu: milioni moja, ishirini na mbili elfu, mia moja na kumi na saba.

"Hii inaonekana namba tasa," akasema mwalimu. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Neno hilo mkewe alishatupiwa sana na ndugu za mumewe. Mwalimu akang'amua alichokisema, akaapa ataitafutia kigawanyo. Kikokotoo akakikataa. Akawa anaigawa kwa kichwa, kwa sauti: kwa saba, inabaki tano, kwa kumi na tatu, tano tena. Akapanda hivyo hivyo, namba tasa moja baada ya nyingine, mwili ukizidi kukonda. "Mia tisa tisini na saba," alisema asubuhi moja, "inabaki mia moja tisini na mbili." Pumzi ikakata hapo hapo.

Dada yake, fundi cherehani, akahamia pale ili wifi yake asibaki peke yake. Cherehani akaiweka chumbani mwa marehemu, penye mwanga. Alasiri moja alikuwa anashona kola, akasikia nyuma yake: "Mia tisa tisini na saba, inabaki mia moja tisini na mbili." Kisha kimya, kimya cha mtu anayesubiri kujibiwa. Aligeuka. Kitanda kitupu.

Kesho yake sauti ikarudi, na keshokutwa.

Hakumwambia wifi yake, akihofu kumtonesha kidonda. Siku moja uzalendo ukamshinda, akachukua chaki ya kukatia nguo, akaiandika mezani ile namba ambayo kaka yake alimtajia alipokuja kumjulia hali. Kaka yake aliwahi kumweleza kwamba ukifika kipeuo cha pili cha namba, huna haja ya kwenda mbele. Cha hii hakifiki hata elfu moja na kumi na moja. Kumbe marehemu alibakiza namba tasa moja tu! Elfu moja na tisa. Akagawa. Ikatoka elfu moja na kumi na tatu.

"Kaka," akasema, "jaribu elfu moja na tisa. Haibaki kitu."

Kitanda kikalia, kama mtu anainuka.

Wifi yake alikuwa mlangoni na nguo mbichi mikononi. "Umemwambia?"

"Kumbe na wewe unamsikia!"

"Tangu tulipotoka kuzika. Na jibu nilishalipata zamani."

"Wifi! Ukamwacha ahangaike?"

"Ningemwambia, angeondoka."

Wakakaa wakisikiliza mpaka jua likahama dirishani. Hakuna kitu.

Wiki nzima hawakusemeshana. Halafu wifi mtu akaja mwenyewe, akasema, "Nishikie huku, tukitoe hiki kitanda." Kilipokwama mlangoni, akakiegemea, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Fundi alibaki ameshika upande wake, hajui kama amemfungua kaka yake au amemfukuza.