Saa Tisa Huku, Saa Nane Kule

Raili alikuwa akitafuna hewa. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine uligonga kijiko ndani ya kikombe cha kahawa chungu, na taya zake zilisaga polepole, kwa adabu, kama za mtu aliyejaza mkate wa iliki kinywani.

"Mkate leo umeumuka vizuri?" aliuliza dada yake, Terttu, kutoka Borås.

"Umeumuka mpaka ukataka kutoroka," Raili akajibu, akameza mate matupu.

Upande wa pili wa Bahari ya Baltiki, Terttu alicheka huku akitafuna kweli. Raili alifumba macho akamsikiliza. Angeweza kuapa kwamba harufu ya iliki inapita katika waya.

Ndivyo zilivyokuwa Ijumaa zao: saa tisa huku Joroinen, Ufini, saa nane kule Uswidi. Terttu aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa, kama walivyoondoka nusu ya vijana wa wakati ule, kwenda kufuma vitambaa kiwandani. Mama yao alimfungia mkate uliosukwa kama nywele za msichana. Treni ilipoanza kujivuta, Terttu aliumega katikati, akampa Raili nusu kupitia dirishani. Walikula wakitazamana, mmoja akisogea, mwingine amesimama. Simu zilipoingia majumbani wakakubaliana: siku moja, saa moja, mkate mmoja kwa vipimo vya kiganja cha mama. Raili hakuolewa. Alipika uji katika jiko la shule hadi alipostaafu, na kwa miaka arobaini alikuwa na nusu saa moja kwa wiki ambamo meza ya nyumbani kwao ilikuwa bado nzima.

Kisha ukaja mwezi wa tisa, na kituo cha afya, na Marketta. Huyu sasa alikuwa muuguzi mwenye mvi za kwanza, lakini Raili alimjua tangu akiwa mtoto wa darasa la kwanza anayeficha karoti mfukoni.

"Sukari yako iko mlangoni, Mama Raili," Marketta alisema. "Haijaingia. Imesimama inabisha hodi."

"Basi sifungui."

"Umekuwa ukiifungulia kidogo kidogo. Mkate mtamu unakula lini?"

"Ijumaa tu." Raili akatazama vidole vyake. "Ukibaki, Jumamosi. Na Jumapili, maana chakula hakitupwi."

Marketta hakucheka wala hakukemea. Alivuta kiti karibu. "Pungua kilo tano, sikuombi zaidi. Tembea nusu saa kila siku, mpaka upate jasho kidogo. Kula mkate mweusi, na siagi uipake kwa haya. Mboga ziwe nusu ya sahani."

"Mama alikufa nayo. Mwishoni alikuwa akinishika uso ili ajue kama ninacheka."

"Ndiyo maana nakwambia leo. Yeye hakupata wa kumwambia mapema."

Maneno hayo yalimfuata Raili hadi nyumbani, yakamsubiri wakati akivua viatu. Kesho yake alichukua fimbo mbili za kutembelea, akaingia njia ya kando ya ziwa. Wiki ya kwanza magoti yalimlalamikia kama wapangaji wakorofi. Ya pili yakanyamaza. Majani ya mibetula yalipokwisha kuanguka, sketi yake ilikuwa ikimzunguka kiunoni, na usingizi, uliokuwa umemsusa kwa miaka, ukamrudia.

Mwili ulikuwa mwepesi. Moyo ndio uliokuwa mzito. Hakuwa na hamu ya sukari, au alikuwa nayo kidogo tu, kama kiu inayopita. Alichokitamani ni kule kumega pamoja. Kumwambia Terttu kwamba ameacha mkate kulikuwa kwake kama kumwambia kwamba ameacha kumsubiri. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza alidanganya, na ya pili, na uongo nao ukawa na kiti chake mezani.

Ijumaa hii njaa ilimzidi nguvu. Katikati ya habari za jirani wa Terttu alinyoosha mkono sahanini, akang'ata karoti. Karoti haina siri.

Habari za jirani zikakatika. "Raili. Unakula nini?"

"Mkate."

"Mkate gani unalia hivyo? Umeoka kuni?"

Raili akaweka karoti chini, akasema yote: mlango, hodi, kilo tano, wiki saba za kutafuna hewa. Alipomaliza, alimsikia Terttu akisukuma sahani kando.

"Mimi nina mwaka wa nne nayo," Terttu alisema.

"Mwaka wa nne wa nini?"

"Wa sukari. Kwangu haikubisha hodi, au ilibisha nami nikawa kiwandani. Siku hizi siji tena nyumbani kiangazi kwa sababu hiyo. Ule uchovu wa safari niliuzua tu. Nyayo zimekufa ganzi. Mwaka jana nilitembea siku nzima na jiwe katika kiatu, nikaliona nilipovua soksi imelowa damu."

"Na mkate, dada? Nakusikia ukiula!"

"Daktari ananikataza, namwitikia. Halafu saa nane inafika." Sauti yake ikapungua. "Ningekuachaje ule peke yako?"

Raili aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mpumbavu wewe! Mtu mzima na akili zako!"

"Nani mpumbavu? Wewe ndiye uliyekuwa ukitafuna upepo!"

Kicheko kikawatoka wote wawili kwa pamoja, kikali kama kikohozi, kisha kikageuka kilio. Hakuna aliyekata simu mpaka kahawa ikapoa huku na kule.

Wiki iliyofuata Raili alimpigia akiwa njiani kando ya ziwa, kwa simu ya mkononi. "Vaa viatu. Pitisha mkono ndani kwanza."

"Nimepitisha, bosi."

"Twende basi."

Walitembea, mmoja chini ya misonobari, mwingine kando ya mto unaopita kwenye kiwanda cha zamani. Mwanzoni Terttu alifika benchi la kwanza tu. Mwezi wa kumi na mbili akafika la tatu. Baada ya mwaka mpya Marketta alisoma karatasi akasema sukari imerudi nyuma hatua kadhaa, ila asilegeze komeo. Raili alishukuru, akatoka nje, akasimama kwenye maegesho kwa muda mrefu. Alikuwa akihesabu miaka minne ambayo benchi lolote lisingeweza kuirudisha.

Ijumaa hiyo ziwa lilikuwa limeganda, na mwanga ulikuwa wa buluu.

"Huku ni mvua," Terttu alisema akihema. "Huko?"

"Theluji. Imeanguka tangu jana."

Terttu akasimama, Raili alizisikia hatua zake zikikoma. "Ikoje chini ya miguu? Mimi hata ikianguka huku, nyayo zangu hazitaijua tena."

Raili naye akasimama. Alikanyaga mguu mmoja, taratibu, kana kwamba hajawahi. "Juu kuna ganda jembamba. Linakuzuia kidogo, halafu linakuachia. Chini yake ni laini, kisigino kinazama. Baridi inaanzia kwenye vidole, inapanda polepole."

"Enhe."

"Basi, ni hivyo."

"Usinyamaze. Tembea kidogo nisikie."

Raili akainama, akaishusha simu hadi karibu na buti zake, akaanza kutembea.