Jina Lililoachwa Nje ya Shairi

Mzee Gitobu alifika mapema katika ukumbi wa kanisa pale Githongo, akakaa mstari wa pili, maana ule wa mbele ulikuwa umewekewa wakubwa. Wakubwa wenyewe hawakuwa wamefika. Viti vyao vilikuwa na chupa za maji, na hayo maji, Gitobu alijisemea, ndiyo pekee waliyowahi kuleta huku juu.

Kando yake alikaa mjukuu wake Nelius, tumbo limemtangulia, mwezi wake wa kujifungua. Alikuwa amepewa jina la nyanya yake, marehemu mke wa Gitobu, kama desturi ya Wameru inavyotaka, na ndiyo sababu mzee alizoea kumwita mke wangu. Naye alimjibu kama mke.

"Leo usinitie aibu, mume wangu. Ukipewa maikrofoni, sema kidogo."

"Nitasema jina moja tu."

Jina hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Mwaka uliopita mshairi mmoja wa Kibugu, Ciku, alipita akikusanya habari za watu, akanywa chai kwake, na Gitobu akamweleza yote: mkewe alivyozidiwa na presha, walivyombeba hadi lango la zahanati, na gari la wagonjwa lilivyokuwa limepeleka viti kwenye mkutano wa mheshimiwa. Mama wa watu akakata roho langoni. Gari likarudi jioni na viti vyake, na hakuna aliyeulizwa kitu. Sasa kitabu cha Ciku kilikuwa kimetoka, leo kinazinduliwa hapa ukumbini, na Gitobu alitaka jina la mkewe lisomwe mbele ya hao wa chupa za maji, wakose pa kutazama.

Mwalimu Muthamia ndiye aliyeongoza mazungumzo. Alimuuliza Ciku kwa nini mashairi yake ni mafupi hivyo. Ciku akasema kwao ni wachuma chai, na mchumaji huchukua majani mawili na kichipukizi, mengine anaacha kichakani. Watu wakacheka. Wakubwa wakaingia katikati ya kicheko, wakapigiwa makofi kwa kuchelewa. Ndipo Ciku akasoma shairi la lango. Gari lilikuwemo. Viti vilikuwemo, hata rangi yao. Lakini aliyekufa aliitwa "mama mmoja".

Gitobu akasimama bila kungoja maikrofoni.

"Huyo mama mmoja ana jina. Nilikupa mimi mwenyewe. Umeogopa nani, hawa?" Akauonyesha mstari wa mbele kwa kidevu.

Ciku alifunga kitabu, akamtazama Nelius. Nelius akamvuta mzee koti.

"Ni mimi nilimpigia simu," akasema polepole. "Nilimwomba aliondoe. Mwezi huu naenda lango hilohilo, babu. Sitaki watu wasome kwamba Nelius alifia pale."

Hakumwita mume wangu.

Mzee alibaki wima. Alikuwa amewahesabia lawama wote wenye ofisi. Hesabu hiyo hakuwa ameifikisha nyumbani kwake mwenyewe. Mheshimiwa mmoja alikuwa akifungua chupa taratibu, na Gitobu akamgeukia yeye.

"Na hilo gari, leo liko wapi?"

Mheshimiwa akasema ni swali zuri, litashughulikiwa.

"Mke wangu hapa hana mwezi wa kungoja," Gitobu akasema, akakaa. Nelius aliuacha mkono wake juu ya koti.

Baadaye watu walipanga foleni kutiliwa sahihi vitabu vyao. Ilipofika zamu ya Gitobu, Ciku alimuuliza amwandikie nani.

"Weka sahihi yako chini," mzee akasema. "Hapo juu acha wazi. Huyu akirudi na mtoto salama, nitakufuata Kibugu uniandikie hapo jina la nyanya yake."

Ciku akatia sahihi chini kabisa ya ukurasa. Gitobu akaupuliza wino ukauke, akakitia kitabu kwapani, akashuka ngazi za ukumbi mbele ya mjukuu wake, kwa upande, ili Nelius akiteleza amwangukie yeye.