Sufuria ya Mwalimu Theuri

Katika shule ya upili iliyo nje kidogo ya Endarasha, hakuna asiyeijua sheria hii: atakayempa mwingine nywila yake, kwa kupenda au kwa kulaghaiwa, ataosha sufuria kubwa ya githeri, ile ya mahindi na maharagwe, siku ya Ijumaa mbele ya shule nzima. Sheria hiyo haichagui mkubwa wala mdogo. Mwalimu Mkuu Theuri aliitunga mwenyewe, akaisoma gwarideni kwa sauti ile ile anayosomea Zaburi.

Nyawira wa kidato cha nne, mwenyekiti wa Chama cha Usalama wa Mitandao, alikuwa na jambo moja moyoni. Mashindano ya vyama kama hicho yalikaribia mjini Nyeri, na washindi wangefundishwa kazi ya kulinda mitandao likizo nzima. Aliitaka nafasi hiyo hata usingizini. Theuri naye alishikilia kwamba chama kile kilikuwa kitalu cha wezi. Baada ya kubembelezwa sana, akatoa sharti: wakimnasa mwalimu mmoja atoe nywila yake kwa hila isiyodhuru kabla ya Ijumaa, basi la shule lingewapeleka. Wakishindwa, chumba chao cha tarakilishi kingerudi kuwa ghala la mbegu za viazi.

"Hata mimi nimo," akaongeza. "Jaribuni."

Wakajaribu. Waliwaandikia walimu kwamba wameshinda mbolea. Mwalimu wa hesabu akawajibu waimwage kwenye shamba la shule. Hila nyingine zikaanguka vivyo hivyo, hata Nyawira akaanza kuisikia harufu ya viazi chumbani.

Ndipo Mwai, naibu wake, kijana asiyejua kunyamaza, alipomtaja Karembo. Huyo alikuwa ng'ombe wa Theuri. Hakuna nasaha iliyokwisha shuleni pasipo yeye: Karembo hachelewi kuamka, Karembo hachezi na chakula.

"Mzee huyu hanaswi kwa tamaa," Mwai akanong'ona. "Msifie ng'ombe wake uone."

Wakaunda ukurasa mtandaoni wa Mashindano ya Ng'ombe Bora wa Kieni, wakawatumia walimu wote kiungo chake. Mwenye ng'ombe alitakiwa kuandika jina lake na la mnyama, kisha ajichagulie nywila. Nyawira alihakikisha kwamba nywila yenyewe haihifadhiwi popote. Mlinzi, aliwaambia wenzake, hafungui mlango wa mtu hata akiokota ufunguo.

Alhamisi, saa ya chai, ng'ombe mmoja akaandikishwa. Karembo. Mwai alianguka chini ya meza kwa kicheko, akabaki huko akigonga sakafu kwa viganja. Nyawira alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha wazo likamjia. Kama Theuri alibuni nywila mpya, hakuwa amenaswa. Na kama alirudia ile ya shule, nani angejua?

"Si tujaribu kuingia kwa jina lake kwenye mtambo wa shule," Mwai akasema. "Tubahatishe nywila kidogo tu."

"Tukifanya hivyo, tutakuwa kitalu cha wezi kweli."

Ijumaa gwarideni Nyawira aliomba ruhusa, akaeleza hila yote tangu mwanzo.

"Mwalimu, nywila uliyoandika kwa ajili ya Karembo ndiyo ile ya shule?"

"Hukuiona?" Theuri akauliza.

"Hatukuihifadhi, Mwalimu."

"Basi nikikana, huna ushahidi."

"Sina, Mwalimu."

Theuri akavua koti, akalikunja kwa makini, akampa mwalimu wa hesabu alishike.

"Ndiyo ile ile," akasema. "Na ndiyo ya benki pia."

Gwaride likavunjika kwa kicheko. Wengine walikumbatiana, wengine wakakaa nyasini. Nyawira alipaza sauti kumsihi aibadilishe ile ya benki kabla ya chakula cha mchana. Theuri akamwambia aandae chama chake kwa safari ya Nyeri, kisha akakunja mikono ya shati na kuelekea jikoni, shule nzima ikimfuata kama maandamano ya arusi.

Aliinama, akazama mpaka mabega ndani ya sufuria, akisugua kwa waya. Baada ya muda sauti yake ikatoka humo ikivuma.

"Nyawira. Karembo alishinda?"

"Alishinda, Mwalimu. Alikuwa peke yake."

"Nilijua," ikajibu sufuria.

Muriithi, mpishi, akapitisha kidole ndani, akaona doa la maharagwe yaliyoungua, akamrudisha. Theuri akasugua tena. Muriithi akapitisha kidole mara ya pili, akakitazama kwenye jua, akaifunika sufuria.

"Umelipa, Mwalimu," akasema.