Ratiba ya Taisiya

Jumanne asubuhi, siku ya tatu tangu aache vidonge, Taisiya Gorelova alikuwa anakaanga maini na vitunguu hedhi ilipomjia kwa mara ya tatu tangu kupambazuke. Alizima jiko, akaenda bafuni, akarudi, akawasha jiko. Mama yake, Nonna, alitazama saa ya ukutani akaandika: saa nne na dakika ishirini na mbili.

Nonna alikuwa amepanga ratiba za treni miaka thelathini, na ndiye aliyeligundua jambo lenyewe. Chombo alichokaa binti yake huko angani kwa miezi sita kiliizunguka dunia kila dakika tisini na mbili. Huko alimeza vidonge vya kuzuia hedhi, kwa sababu mtambo wa kugeuza mkojo kuwa maji ya kunywa haukutaka damu. Mtambo ulisikilizwa, yeye hakuulizwa. Sasa ameteremka, vidonge ameacha, na mwili umeshika saa za kule juu. Yai linapevuka, linashuka, damu inatoka robo saa, inakatika, mambo yanaanza upya. Ni miezi kama kumi na sita kwa siku. Nonna alichora ratiba kwa rula akaibandika kwenye friji, na jirani wa chini akaomba nakala, ajue saa za kubisha hodi na saa za kukaa kwake.

Maumivu aliyavumilia. Kilio cha kila saa moja na nusu nacho alikizoea, maana kilifuatwa na hamu ya chokoleti. Kilichomchoma ni mayai. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na alitaka mtoto. Kabla ya kuruka aliomba mayai yake yahifadhiwe kwenye baridi, wakamwambia asijisumbue, atahifadhi akirudi. Nonna alipiga hesabu mara mbili.

"Una siku kumi, mwanangu," alisema. "Nikikuonea huruma, kumi na moja. Baada ya hapo huna kitu."

Basi walivaa makoti, wakaketi kimya kidogo kwenye vigoda vya mlangoni, kama wanavyoketi watu wote wa kwao kabla ya safari, wakaenda kwenye tume ya madaktari.

Daktari Arkady Lvovich Pchelin, mwenyekiti wa tume, alikuwa mtu mwema. Aliwapa chai na asali, kisha akafungua fomu ya mwanaanga aliyerejea. Fomu hiyo ilichapishwa enzi ambazo wanaume peke yao waliruka, na swali la kwanza lilihusu uotaji wa ndevu. Pchelin aliandika: kawaida. Taisiya akamwambia hedhi yake itakuja saa tano na dakika hamsini na nne. Ikaja. Daktari alitazama saa yake ya mkononi, akatikisa kichwa kukubali, akamwonyesha choo kilipo. Mwaka juzi alikuwa amemtibu rubani ambaye kivuli chake kilichelewa kutua kwa siku nne, na kivuli kilikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

"Naona, Taisiya Romanovna, wala sibishi," alisema. "Lakini mambo yenu nyinyi wanawake yanaingia kwenye Mengineyo, mstari mmoja kwa mwezi. Barua ya kwenda hospitali ya uzazi naitoa baada ya kukuchunguza mwezi mmoja."

"Mwezi wa kalenda au wangu?"

"Wa kalenda. Wako unakwenda mbio, hauandikiki."

"Kwa huo wenu nitakuwa nimeshazeeka tumboni, Arkady Lvovich."

"Subira yavuta heri," alisema daktari, akamsogezea asali.

Subira ya nani, na heri ya nani? Hospitali ya uzazi ilimjibu kwamba mwili wa mwanaanga uko chini ya tume mpaka upone, bila barua hawaugusi. Alipiga simu kwenye tume. Akasubirishwa nusu mwezi, yaani dakika arobaini na sita, kisha simu ikakatika. Akapiga tena. Alilia, akatukana, akala chokoleti, akapiga tena. Siku zikaisha hivyo.

Ijumaa ya wiki ya pili, saa tisa na dakika arobaini na mbili, Nonna alikaa na kalamu mkononi. Alisubiri mpaka jioni. Kisha akafunika kalamu, akaenda kumkumbatia binti yake.

Mwezi wa kalenda ulipotimia, Pchelin aliandika kwenye Mengineyo: imetulia. Alimpongeza kwa kupona haraka kuliko wote. Alisema wamemweka kwenye safari ya masika, na safari hii hatahitaji vidonge, mtambo hautapata taabu. Barua ya hospitali ya uzazi nayo akampa, kama alivyoahidi, na mhuri juu yake.

Asubuhi ya kuondoka, mama na binti waliketi kwenye vigoda vyao. Ratiba bado ilikuwa kwenye friji.

"Saa nne na dakika ishirini na mbili," alisema Nonna kwa mazoea.

Wakangoja. Taisiya akainuka, akachukua begi. Ndani yake, juu ya soksi, ilikuwepo fomu mpya ambayo tume ilimtumia aijaze akirudi. Swali la kwanza lilihusu ndevu.